Vishimo Viwili Kwenye Unga

Tuliporudi kutoka kumzika binti yangu, nilikuta kwenye friji donge la unga wa krosanti, vile vimkate vya tabaka za siagi, aliloliacha lipumzike. Juu yake palikuwa na vishimo viwili. Kila alipoukunja na siagi yake, alibonyeza dole gumba asisahau amefika wapi. Hukunjwa mara tatu; ulibaki mkunjo mmoja.

Mkwe wangu aliifuta meza, akaliweka donge juu yake, akanisogezea kifimbo cha kusukumia.

“Malizia, mama. Hakupenda kitu kiharibike.”

“Nikisukuma, alama zake zitafutika.”

“Najua.”

Aliingiza dole gumba lake kwenye kishimo kimoja. Likapwaya.

“La mke wangu lilikuwa nyundo, mama!”

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, na hayakukoma.

Siagi ikaanza kulainika. Vishimo vikaanza kujifunga vyenyewe.

Nikakishika kifimbo.