Ukurasa wa Saba

Mchungaji alilowesha kidole, akahesabu tena karatasi za mikutano alizoacha marehemu mume wa Aletta. Asubuhi alikuwa amemzika. Sasa, akiwa bado na suti ya mazishini, alikuja kuchukua mali ya chama, chama cha siri cha wanaume ambacho wake zao hawaambiwi habari zake.

"Dada Aletta, ukurasa wa saba haupo."

Aletta alimmiminia kahawa. Ukurasa wa saba ulikuwa chini ya biskuti kavu, ndani ya kopo lililokuwa mezani katikati yao. Kwa mwandiko wa mumewe, wanaume tisa wa chama walikubaliana kwamba kaka yake Aletta, mwalimu mkuu, ni msaliti wa Waafrikana, Makaburu wenzake, na afukuzwe shuleni kabla ya uchaguzi. Walikubaliana humu humu sebuleni, siku aliyowaokea keki ya maziwa.

"Labda aliuchoma," alisema.

"Mumeo? Yule hata risiti ya viatu alikuwa hatupi." Mchungaji alicheka kidogo, akafungua kopo, akachukua biskuti, akaichovya kwenye kahawa. Kisha nyingine. Aletta aliziangalia zikipungua.

"Nasikia umempigia kaka yako simu."

Aletta alimwongezea kahawa. Simu zote za wilaya zilipitia kwa mama wa mitambo ya kuunganishia simu, na mume wa mama huyo alikuwa mmoja wa wale tisa.

"Kuna kitu unataka akione. Basi na mimi nitamsubiri."

Nje, mbwa alianza kubweka kwa furaha, kama anavyobweka akisikia gari la mtu mmoja tu.

Mchungaji alinyoosha tena mkono kwenye kopo.