Dawa Imebaki Dodoma

Tangu kila nyumba yenye mjamzito ipewe kisanduku chake cha dawa, kinachopima na kuzungumza, hakuna anayepata dawa nje ya nyumba aliyoandikishwa. Zawena aliandikishwa Dodoma, kwa mumewe. Lakini kwa desturi ya kwao mimba ya kwanza hulelewa kwa mama, kwa hiyo wiki ya ishirini na tatu ilimkuta Pangani, akigombana na kisanduku kilichotundikwa ukutani kwa ajili ya wifi yake, mjamzito pia.

"Shingo ya kizazi ina milimita kumi na nane," kilisema kwa upole. "Inafupika. Unahitaji projesteroni kila siku, mtoto asije kabla ya wakati."

"Basi nipe!"

"Dawa yako iko nyumbani kwako."

"Nitaifuata huko huko."

"Chini ya milimita ishirini, safari hairuhusiwi."

Mama yake, Bi Mwanahawa, alikipiga upawa. "Umezaliwa na nani wewe, hata usijue mwana kwao ni kwa mamaye?"

Simu ikalia. Alikuwa mumewe, Shekue.

"Mke wangu, saa ya dawa imefika, kisanduku chako kimefunguka. Kidonge hiki hapa, nakiona."

"Kichukue, ukitume!"

"Kisanduku hakikiachii bila alama ya kidole chako." Mlio ukasikika simuni. "Kimejifunga. Kimeandika kwamba umeikataa dawa."

Zawena aliiweka simu chini. Alijilaza mkekani, akabana mapaja kwa nguvu zake zote, ingawa alijua vizuri kuwa shingo ya kizazi haishikiliwi na mapaja.