Viza ya Bi Mwanahawa

"Mama, huko utakaa muda gani?" afisa wa viza alimwuliza Bi Mwanahawa.

"Wiki mbili tu, mwanangu. Kuku wangu nimemwachia jirani."

Afisa akaitazama fomu: makazi ya wazee, miaka kumi. Kisha akamtazama Mbaruku, mtoto wa Bi Mwanahawa, aliyeijaza. Mbaruku akainama kwa aibu. Nyumba ya mama yake keshaitafutia mpangaji.

"Mweleze mzazi wako," afisa alisema taratibu.

Mbaruku akaisogeza fomu mbele ya mama yake. Bi Mwanahawa akawatazama wote wawili. Halafu akanyoosha mkono uliokuwa ukitetemeka juu ya sponji ya wino, atie alama ya kidole kwenye fomu.

"Nishikie kidole, baba. Peke yangu siwezi."

Mbaruku akakishika, asijue akikandamize au akiinue.