Mistari Yenye Nyota

Kifurushi kutoka Dar es Salaam kilipofika ofisini Mbeya, Benedicta aliikata kamba kwa meno.

Mimba yake ilikuwa kubwa, naye alitaka akajifungulie kwa mama yake, Iringa. Lakini meneja wa chama cha ushirika walichokifanyia kazi alikuwa amemuuliza, "Programu zako za kompyuta atazielewa nani?"

Ndipo yeye na mwenzake wa ofisini, ambaye angeshika kazi yake, walipokubaliana kwamba kila sehemu ya programu ianze na mistari yenye alama ya nyota mwanzoni, inayoeleza kwa Kiswahili sehemu hiyo inapokea nini, inafanya nini na inatoa nini. Kompyuta ya Dar, iliyoendesha programu zao, ingeikusanya mistari hiyo na kuichapa iwe kitabu.

Sasa kitabu kilikuwa mezani, karatasi ndefu zilizokunjwakunjwa, kingo zake zina matundu.

Mwenzake alisoma kurasa za programu ya kuhesabu kahawa ya wakulima. Kisha akashika penseli, akasahihisha kosa la hesabu ya magunia lililowasumbua wiki nzima.

"Kumbe ni rahisi hivi! Nami nilikuwa naiogopa!"

Meneja alichungulia mlangoni. "Umeelewa?"

"Nimeelewa, mzee. Mwache dada aende."

Benedicta alicheka mpaka mtoto akapiga teke tumboni, na mkono wake mmoja ulikuwa tayari ndani ya koti la safari.