Marehemu wa Mguu Mmoja

Jumatatu asubuhi magari yalikuta kaburi limekingama katikati ya barabara ya Majengo, na kando yake wanawake wawili wamekaa mkekani wanakunywa kahawa.

Lilikuwa kaburi refu, jembamba, udongo wake bado mbichi. Kushoto kulikuwa na mtaro wa maji machafu, kulia ukuta wa shule, na kati ya kaburi na ukuta upenyo wa gari moja tu, tena kwa kunyata. Basi magari yaliyozoea kupita kama yanafukuzwa na nyuki yakatambaa. Watoto walivuka na pakiti zao za maziwa ya shule, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyerushiwa kinyesi cha mtaroni. Hared, mjukuu wa Bi Halimo, alivuka akipunga mkono wenye plasta. Gari ndilo lililouvunja, na ofisi ya barabara ilipoambiwa ilijibu kwamba barabara ni ya magari.

Mkubwa wa ofisi hiyo, Bwana Gichuru, alifika na Peugeot nyeupe, lori la vibarua nyuma yake. Taa ya kushoto ya Peugeot ilikuwa mpya, inang'aa kuliko ya kulia. Alishuka kitambaa puani, lakini pombe ya jana ilikuwa inanuka kupita mtaro.

"Ondoeni uchafu huu," aliwaambia vibarua.

Otiende alishika koleo, akaliweka chini. "Mkubwa, kaburi halifukuliwi hivi hivi. Mimi nina watoto." Kisha akamnong'oneza mwenzake Nalianya: "Lakini we, tangu lini wanawake wa Majengo wakaenda makaburini? Mazishi yao si ya wanaume?"

Nalianya alimkanyaga mguu. "Nyamaza. Ukiuliza sana tutaambiwa tuchimbe."

Bwana Gichuru akawageukia wanawake. "Nani kawaruhusu kuzika barabarani?"

"Shimo tumelikuta, mwanangu," alisema Bi Halimo, muuza mahamri, bila kuinuka. "Si ndilo tulilokuomba ulizibe tangu mwaka juzi? Karibu kahawa."

"Sitaki kahawa! Maiti hupelekwa makaburini."

"Huyu kafia hapa hapa. Kagongwa Jumamosi, magharibi. Mwenye gari hata nyuma hakutazama."

Kitambaa kilishuka puani chenyewe.

Jumamosi, magharibi, Bwana Gichuru alipita hapo akitoka kunywa. Alisikia kishindo upande wa kushoto, kioo kikapasuka, akakanyaga mafuta. Nyumbani alimwambia mkewe kwamba ni mbuzi aliyetoroka machinjioni Kiamaiko.

"Maskini, na ule mguu wake mmoja," alisema Waithera, muuza nyanya, akitikisa kichwa. "Alitoka Kariobangi kwa mafundi. Kutwa kucha amesimama pale ukutani, jua lake, mvua yake, anawasihi wenye magari waende polepole watoto wavuke. Hakuomba hata chai."

"Na... walimsikia?"

"Wewe ulimsikia?"

Bwana Gichuru alijifuta jasho. Alichutama karibu na mkeka, akashusha sauti kama mtu wa nyumbani. "Mama zangu, kuna aliyeliona gari?"

"Tumeokota vioo vya taa," alisema Bi Halimo. "Tumemzika navyo."

"Na polisi?"

"Bado. Wakija si watataka kumfukua?"

"La, la! Asifukuliwe!" Sasa alikuwa anatabasamu, meno yote nje. "Marehemu apumzike. Hakuna haja ya kelele. Semeni tu mnataka nini."

Waithera alimtazama kama mtu aliyeuma nyanya akaona nusu ya funza.

"Tunataka tuta, kutoka mtaroni mpaka ukutani," alisema. "Na vibao, mwanzo wa shule na mwisho wa msikiti. Kilomita ishirini kwa saa, na anayezidisha ashikwe."

"Ishirini ni ndogo sana, mama. Hata punda..."

"Bi Halimo, kituo cha polisi kinafunguliwa saa ngapi?"

"Ishirini!" alisema Bwana Gichuru. "Ishirini inatosha!"

Kilichokataliwa miaka yote kikapatikana kabla ya adhuhuri. Otiende na Nalianya walisimika vibao, wakaambiwa lami ya tuta itakuja asubuhi, juu ya kaburi, na wasiguse udongo. Bwana Gichuru mwenyewe aliondoka kwa mwendo wa konokono, kofia mapajani, akainamisha kichwa alipolipita kaburi. Watoto walikimbia kando yake, wakampita.

"Hata jina hakuuliza," alisema Waithera, akatema mate mtaroni. "Wala kama ana mama. Mtu akitapika mlangoni pako utafagia, lakini huyu utamfagia na nini?"

"Angeuliza ningemwambia kweli," alisema Bi Halimo. "Mimi sijasema uongo tangu asubuhi."

Walikunja mkeka. Jua lilipolegea na lori kuondoka, Bi Halimo alileta jembe.

"Tumtoe kabla ya lami," alisema. "Nimemtamani. Choo changu hakina mfuniko."

Waithera alifukua, na Bi Halimo akamvuta marehemu kwa ule mguu wake mmoja wa chuma, akampangusa uso kwa ncha ya leso. Bati lilikuwa limepondeka upande, lakini rangi nyekundu ya fundi wa Kariobangi ilikuwa bado inasomeka: PUNGUZA MWENDO, WATOTO WANAVUKA.