Bima ya Nusu Bei

Kitambaa kilikuwa bado kinatoa mvuke. Kila asubuhi, kabla ya chai, Theodora alimkanda mama yake goti kwa maji ya moto. Leo alikuwa hajafika hata nusu simu ilipoita.

Alikuwa kaka yake, Masele, akipiga kutoka kituo cha polisi.

"Theo, stika ya bima ya lile gari lililomgonga mama ni feki. Wameiangalia kwenye mfumo, haimo."

"Dereva anasemaje?"

"Eti hamkumbuki aliyemuuzia."

Theodora alikamua kitambaa mpaka vidole vikamuuma. Daktari alikwisha sema: goti lipasuliwe Mwanza mwezi huu, la sivyo mguu hautanyooka tena. Bima ndiyo ingelipia.

"Basi siendi," mama alisema.

"Utakwenda, mayu."

Saa tatu alikuwa mtaa wa Mtendeni, kwenye ofisi ya kwanza ya bima. Sokoni alikuwa akiona haya hata kuomba apunguziwe nyanya. Leo aliegemea meza ya watu kwa viganja vyote viwili.

"Nataka bima ndogo ya gari, Noah. Ya bei ya chini kabisa hapa mjini."

"Bima ndogo bei yake ni moja, dada. Kadi ya gari unayo?"

"Sina. Nani anauza chini ya hapo?"

Karani alicheka. Theodora akatoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

Ofisi ya pili, mama mmoja wa makamo, Julieth, alimvutia kiti.

"Mwanangu, ukiuziwa nusu bei umeuziwa karatasi tupu."

"Shikamoo, mama. Nisamehe, nimeanza vibaya. Hiyo ya nusu bei iko wapi?"

"Marahaba. Kumbe husikii." Julieth alimtazama kwa huruma. "Ng'ambo, nyuma ya maduka ya vipuri. Ila usiseme nimekuelekeza mimi."

Jua lilikuwa kali. Alitembea haraka, meno yameumana, akawapita watu anaowafahamu bila kuwaona.

Nyuma ya maduka alimkuta Nasri na meza yake, kompyuta na printa. Hakuuliza kadi. Hakuuliza hata jina.

"Nipe namba ya gari tu. Dakika tano umemaliza."

"Na trafiki je?"

"Trafiki wa hapa tunajuana. Mbona muoga hivyo, dada? Kweli we unaendesha?"

Sauti ya Theodora ilitoka ndogo. "Nitakuaminije? Nionyeshe mteja wako mmoja."

Hapo Nasri alichangamka. Kwa wauzaji wa uchochoro ule, mteja wa zamani ndiye leseni. Aliigeuza kompyuta, akaweka kidole kwenye orodha.

"Huyu hapa, Adriano, mwenye Noah nyeupe inayokwenda Bukene. Mwaka wa pili anachukua kwangu. Kamuulize kama amewahi kulalamika."

Theodora aliisoma namba ya gari mara mbili. Kisha akainua simu yake, akaipiga picha orodha, na Nasri naye akiwa ndani ya picha, kidole bado kipo palepale.

"We, picha ya nini?"

"Sina gari, Nasri," alisema, na sasa sauti haikutetemeka. "Hiyo Noah ndiyo iliyomgonga mama yangu. Picha ni ya polisi. Tangu asubuhi nakutafuta wewe."