Pakavu Mwisho wa Njia

Longinus alikwangua kwa ukucha mawese yaliyoganda juu ya ubao, akatazama, kisha akapapaka tena kwa kidole.

"Vipi, fundi?" Castory alimuuliza.

"Napima mafuta, bosi."

Kibondo nzima ilimcheka Longinus. Kwa miaka mingi alisimama mikutanoni akiuliza mbao za shule ya Kitahana zilikwenda wapi. Wanakijiji walizipasua wenyewe kwa msumeno wa mkono, zikapakiwa kwenye lori la mkandarasi zikapigwe randa mjini, hazikurudi. Watoto bado wanakaa kwenye vumbi. Longinus akaitwa mchochezi. Leo mkandarasi huyohuyo, Castory, kajenga kwenye gesti yake njia ya bolingi, mchezo wa kuviringisha mpira mzito uangushe pini, na anayemtobolea mpira ni nani? Longinus.

"Baba Asnath," mkewe Josepha alimwambia bila kumtazama, "ungesema mapema kwamba unanunulika. Tungekuuza ule mwaka wa njaa."

Longinus aliendelea kuugeuzageuza mpira.

Mpira wenyewe ulikuwa mweusi, mzito kama jiwe la kusagia, hauna tundu hata moja. Kitone cheupe kilionyesha kiini chake kimelala upande gani, na tabia ya mpira hutegemea matundu ya vidole yamekaa wapi kutoka kwenye kitone hicho. Longinus alijifunza hayo kwenye simu, kama alivyojifunza kila kitu.

Castory alitaka jambo moja tu: Jumamosi mpira upinde vizuri mbele ya mkubwa kutoka mkoani, yule ambaye majengo ya shule hayasogei bila neno lake. Shida ni mafuta. Njia ya bolingi hupakwa mafuta ili mpira uteleze; yeye yote alikuwa kaipaka mawese, na baridi ya Julai ya huku huyagandisha yakawa mazito kama nta, mekundu, huoni hata rangi ya mti. Mpira wowote ulikuwa unateleza tu hadi kwenye mtaro wa pembeni.

Longinus akampa machaguo mawili. "Nikitoboa huku, utashika mapema, humohumo kwenye mafuta. Utapinda, lakini kizeezee. Nikitoboa huku, utateleza hadi ukute pakavu, hapo ndipo ukate kona ghafla. Huo ndio wa kupigiwa makofi. Ila kule mwisho, karibu na pini, mafuta yaondoke yote."

Castory akachagua wa makofi. Watu wa aina yake hawachagui kingine. Hata hakuuliza nani atayafuta. Longinus alijitolea mwenyewe.

Jumamosi asubuhi alisugua kwa mafuta ya taa na maji ya moto hadi mti ukatoka mweupe, akaufunika kwa magunia. Aliyaondoa wageni walipokwisha kukaa, huku Josepha, aliyeitwa kupika, akipitisha sinia la nyama.

Castory akarusha. Mpira ukateleza juu ya mawese, ukagusa pakavu, ukakata kona, ukalaza pini zote. Ukumbi ukapiga makofi.

Longinus hakupiga. Alitembea hadi mwisho wa njia, akageuka, akasema kwa sauti yake ileile ya mikutanoni:

"Mheshimiwa, njoo uone mpira ulipopindia."

Mkubwa akaja, na wengine wote nyuma yake. Pale pakavu, kwenye kichwa cha kila ubao, zilikuwapo herufi ambazo Longinus mwenyewe alizichoma kwa chuma cha moto siku ya kupakia lori, zikazama ndani kuliko randa ilivyoweza kufika: SHULE KITAHANA. SHULE KITAHANA. SHULE KITAHANA.

Josepha akaweka sinia chini, akamtazama mumewe.

Mkubwa akachuchumaa. Akasoma. Akapitisha kiganja juu ya ubao, taratibu, kama mtu anayepapasa ng'ombe mnadani.

"Castory," akasema, "mbona mbao zile ulizoniletea mimi zilikuwa zimejaa vifundo?"